Sura ya Saba: Kivuli cha Upenu

Inspekta alivua viatu, akavua na soksi, kisha akapanda juu ya kielelezo cha kesi kwa miguu mitupu.

"Mkuu akikukuta hapo," alisema Sajenti kutoka mlangoni, "atasema sasa Kobe amezeeka kweli."

"Mkuu hawezi kunikuta. Yuko ofisini kwake ananisubiri nimpelekee jalada."

Jina la Kobe alipewa zamani na wakubwa waliochoka kumsubiri. Mwanzoni lilimkera. Baadaye aligundua kwamba mtu anayeitwa Kobe hatarajiwi kukimbia, akalipenda.

Kielelezo chenyewe kilikuwa bawa la kurukia, jeupe lote, limetandazwa kwenye sakafu ya ghala kutoka ukuta hadi ukuta. Ni vyombo vile vya mabomba ya alumini yaliyovikwa kitambaa cha tanga: mtu hujifunga chini yake, akakimbia kwenye mteremko, hewa ikimnyanyua anakwenda zake. Mwenye bawa hili, kijana aliyejulikana kwa jina la Kipanga, alikuwa amekimbia kwenye mteremko Jumamosi, akanyanyuka vizuri, akapiga mzunguko wa kwanza huku watu wakimshangilia. Alipokaza kugeuka mara ya pili, kitambaa cha upande wa kulia kilipasuka kutoka nyuma hadi karibu na ukingo wa mbele, na waliokuwa wakishangilia wakaanza kupiga mayowe. Alikuwa ameshazikwa. Kwa kifo chake alishikiliwa fundi wa matanga, mama mmoja aliyeitwa Bi Mkasi, kwa sababu yeye ndiye aliyelikagua bawa wiki iliyotangulia na kusema linafaa. Kesho asubuhi angefikishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kusababisha kifo kwa uzembe, na karakana yake ilikuwa imeshafungwa kwa kufuli la polisi.

Kilichobaki ni Inspekta kutia saini. Sajenti alikuwa ameshaandika kila kitu, kwa mwandiko mzuri pia.

"Afande, tuliyamaliza haya," alisema Sajenti. "Mpasuko umeanzia wapi? Kwenye kiraka. Nani alishona kiraka? Yeye. Karakana yake tumekuta nini? Majora ya nailoni nyepesi, ya kutengenezea miavuli. Akakata kipande cha mwavuli, akambandika marehemu, akanyamaza."

"Una kiberiti?"

Sajenti alikuwa nacho. Inspekta alichuchumaa, akachomoa uzi mmoja kwenye kiraka, mwingine kwenye kitambaa cha bawa, na wa tatu kwenye kipande cha lile jora la nailoni walilolichukua karakana. Aliziwasha moja baada ya nyingine juu ya kifuniko cha kopo la rangi. Uzi wa nailoni uliyeyuka ukatoa moshi mweupe. Ule wa kiraka na ule wa bawa zilitoa moshi mweusi unaokaba koo, na kila mmoja ukaacha tone jeusi, gumu. Alimpa Sajenti yale matone ayabonyeze kwa kucha.

"Yako sawa," alikiri Sajenti. "Kiraka ni poliesta na bawa ni poliesta. Hakuna mwavuli."

"Futa mwavuli, basi."

"Nikifuta mwavuli nabaki na nini?"

"Na kisu. Uliandika pia habari ya kisu."

Kweli aliandika, ukurasa wa tatu, kwamba huenda adui wa marehemu alikata mshono. Inspekta alimwita aje karibu na akamwonyesha ncha za nyuzi kwenye mpasuko. Kisu huzikata zote kwa urefu mmoja. Hizi zilikuwa hazilingani, zimechanika kila moja kwa wakati wake, na alipozipitishia kidole ziliacha vumbi jeupe. Halafu akamwonyesha kiraka chenyewe. Kilikuwa hapo kizima, mishono yake yote imeshika, hakuna hata tundu moja lililoachia. Kitambaa kilikuwa kimepasuka pembeni mwa kiraka, upande wa nje, kama ukuta mpya unaobaki umesimama nyumba ya zamani ikibomoka kando yake.

"Kiraka ndicho kitu pekee kilichokaa mahali pake upande huu," alisema Inspekta. Alivaa soksi. "Nakwenda kumwona."

*

Bi Mkasi aliitwa hivyo kwa mambo mawili: mkasi alioufunga kiunoni kwa kamba tangu asubuhi hadi jioni, na ulimi. Mkasi ulikuwa umechukuliwa na askari wa zamu, uko kwenye bahasha. Ulimi walishindwa kuuchukua.

"Umekuja kunisomea au kuniuliza?" alisema, kabla Inspekta hajakaa.

"Kukuuliza, mama."

"Basi wewe ni wa kwanza. Huyo kijana wako alikuja na majibu yake ameyafunga kabisa, akataka tu nimshikie kalamu." Alimtupia jicho Sajenti aliyeegemea ukuta. "Eti nimeweka nailoni. Mwanangu, wewe unaoga na suti?"

Sajenti alijikuna shingo. Inspekta alimwambia aeleze, taratibu, kama anamweleza mtu asiyejua kutunga uzi kwenye sindano.

"Nailoni inanyumbuka," alisema Bi Mkasi. "Ile naitumia kwa tanga puto, lile kubwa la rangirangi la mbele ya mashua, linalojazwa na upepo wa nyuma. Upepo ukilipiga ghafla ni lazima linyumbuke, lisiponyumbuka linachanika. Bawa ni kinyume chake. Bawa linaruka kwa sababu ya umbo lake. Likinyumbuka umbo limekwenda, na mtu yuko juu. Kwa hiyo bawa ni poliesta, nyuzi zimebanwa mpaka maji hayapiti, kisha kinapakwa gundi na kupitishwa kwenye joto kikaze. Ukikishika kinalia kama karatasi. Ile pamba waliyotumia babu zetu kwenye matanga ilikuwa ikilowa inakuwa nzito na kuoza. Poliesta haiozi kwa maji. Maji si neno kwake."

"Neno ni nini?"

"Jua." Alilisema kwa chuki, utadhani anamtaja mkwe. "Jua linakula poliesta kidogo kidogo, na halisemi. Kitambaa cheupe kinabaki cheupe vilevile. Ukikiangalia unakisifu. Ndiyo maana macho hatuyaamini, tunavuta."

Alieleza wanavyovuta. Sindano nene inachomwa kwenye kitambaa, inafungwa kwenye mizani ya springi, fundi anavuta mpaka mshale ufike alama ya kijani. Kitambaa kizima kinaistahimili sindano. Kilichokufa kinaachia kabla, na sindano inapita inachana.

"Na bawa la Kipanga ulilivuta."

"Nililivuta. Mshale ulifika kwenye kijani ukapita. Nendeni mkaangalie, kuna tundu la sindano na nimeliziba kwa kibandiko cha duara."

"Wapi?"

"Puani, kwenye ncha ya mbele pande mbili zinapokutana, upande wa juu. Wapi tena?"

"Puani tu?"

Bi Mkasi alikunja uso. "Kila fundi anavuta puani," alisema. "Bawa likifunguliwa, pua ndiyo ya kwanza kupata jua. Likikunjwa, pua ndiyo ya mwisho kufunikwa. Pua ikiwa nzima, kwingine kote ni salama zaidi. Nilifundishwa hivyo na nimefundisha wengine hivyo. Unadhani kila bawa nitalitoboa kama chujio?"

"Na kile kiraka cha kulia, ulipokishona hukuona kitambaa kimechoka?"

"Kiraka nilishona kabla Kipanga hajavunjika nyonga. Kitambaa kilikuwa bado kipya, kinalia. Ndiyo kwanza alikuwa amelinunua." Aliinua mkono kama anayeapa. "Akavunjika, akalala kiangazi kizima. Alipopona akaja nalo begani, anachechemea na anacheka. Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mtu: lilikaa wapi? Akaniambia, 'Kivulini, Bi Mkasi. Nilikuwa naliona kila siku.' Kwa maneno yake. Angeniambia lilikaa juani ningelivuta kuanzia puani mpaka nchani."

Sajenti aliguna. "Marehemu hawezi kukanusha."

"Wala hawezi kukusaidia wewe kuandika," alisema Bi Mkasi. Lakini sauti ilikuwa imeshuka. Alitazama mikono yake, na Inspekta aliona kwamba mama huyu hakuogopa mahabusu hata kidogo. Alichoogopa ni kwamba huenda kweli amemuua yule kijana, na hajui kwa namna gani.

"Mizani yako iko karakana?"

"Iko kwenye ndoano, kulia, ukiingia. Usivute kwa hasira. Vuta kama unamvua mtoto shati."

*

Walirudi ghalani na mizani, sindano, na chaki za rangi mbili alizoziomba Inspekta kwa mwalimu wa shule ya jirani. Kwanza alitafuta puani. Tundu lilikuwepo, kibandiko cha duara juu yake, kimebandikwa kwa unadhifu. Alichoma sindano kando yake, akavuta kama alivyoambiwa. Mshale ukapanda hadi kijani, ukapita. Kitambaa kilitulia.

"Hakusema uongo hapo," alisema Sajenti.

"Weka alama ya buluu."

Wakashika kazi. Inspekta anavuta, Sajenti anatia chaki. Upande wa kushoto wote ulistahimili. Buluu, buluu, buluu. Sajenti alianza kupiga mluzi. Wakahamia kulia. Karibu na pua bado buluu. Mbele kidogo, mshale haukufika hata njano: sindano iliteleza ikachana kitambaa kwa sauti ndogo kavu, na nyuzi zikakatika kama biskuti. Mluzi ukakoma.

"Nyekundu," alisema Inspekta.

Kuanzia hapo hadi nchani ilikuwa nyekundu tupu. Kitambaa kilekile, weupe uleule, mtu akikitazama haoni tofauti. Inspekta alimgeuzia Sajenti upande wa chini wa bawa, kile kitambaa cha pili kinachofunika mbavu za bawa kwa chini, akakivuta vilevile. Buluu.

Walipomaliza, Inspekta alipanda juu ya kreti na kutazama kutoka juu.

"Labda jora lilikuwa bovu," Sajenti alisema. "Kiwandani walikosea."

"Jora likiwa bovu, hufa kipande kizima, kutoka mshono hadi mshono. Angalia nyekundu inaanzia wapi."

Sajenti naye alipanda kreti, ikalia chini ya uzito wao wawili. Mpaka kati ya buluu na nyekundu ulikuwa mstari ulionyooka, umekwenda mshazari. Uliingia kwenye kipande kimoja cha kitambaa ukakikata katikati, ukavuka mshono, ukaingia kingine, ukavuka tena. Haukuijali mishono hata kidogo. Tena haukukatika ghafla: palikuwa na eneo la upana wa mikono miwili ambapo mshale ulifika njano, kama vile kifo kiliingia hapo kwa kusitasita.

"Ni kitu kilichotoka juu," alisema Inspekta, "kwa sababu upande wa chini ni mzima. Kinachopita kwa mstari ulionyooka. Kisichojua mshono ni nini. Nitajie."

Dirisha la ghala lilikuwa nyuma yao. Mwanga wake ulilala kwenye sakafu ya saruji na kukatwa mshazari na kivuli cha ukuta. Sajenti aliutazama mwanga, akatazama bawa, akarudi kwenye mwanga.

"Jua," alisema. "Na ukuta. Au paa. Bawa lilisimama mahali, afande, nusu kwenye kivuli na nusu nje."

"Kwa muda mrefu, bila kusogezwa. Siku moja moja zisingechora mstari." Inspekta alishuka. "Na mwenyewe akamwambia fundi lilikuwa kivulini, alikuwa analiona kila siku. Mimi namwamini. Sasa niambie: mtu aliyelala kitandani na nyonga iliyovunjika, analionea wapi bawa kila siku?"

Sajenti alikwenda kuchukua funguo za gari.

*

Dada wa marehemu ndiye aliyewafungulia mlango. Walimjua vizuri, tangu msiba hakukosa hata siku moja kaunta ya kituo, akitaka kujua fundi atafungwa lini. Alifanya kazi kiwanda cha mikate, anatoka alfajiri na kurudi alasiri, na leo pia alikuwa na unga kwenye nyusi. Kipanga alikuwa mdogo wake wa pekee. Wazazi waliondoka mapema, na yeye ndiye aliyemnawisha uso, akampeleka shule, na akamfokea alipoanza kupenda mambo ya kuruka.

"Mmeshampeleka mahakamani?" aliuliza.

"Kesho, dada," alisema Inspekta. "Kabla ya hapo naomba nione chumba alichougulia."

Aliwaongoza bila swali. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, magongo mawili yameegemezwa ukutani, dirisha moja. Inspekta aliomba ruhusa, akavua viatu kwa mara ya pili siku hiyo, akalala chali kitandani mahali alipolala kijana. Kichwa kwenye mto, akageuza shingo.

Kulikuwa na upenu wa mabati nje ya dirisha, uliojengwa kuegemea nyumba, na chini yake kivuli safi cha baridi. Hiyo tu ndiyo iliyoonekana. Sehemu nyingine ya uwanja ilifichwa na fremu ya dirisha na ukuta.

"Bawa lilikaa hapo?"

Uso wa dada ulilainika. "Ndiyo. Wewe umejuaje? Hapo hapo." Alisogea dirishani. "Daktari alisema asiposimama mapema hatatembea tena, na yeye hakutaka hata kukaa. Alikuwa amegeukia ukuta, afande. Chakula hali. Nikasema, huyu nitamrudisha na nini? Nikalitoa bawa kwenye mfuko wake, nikaliunga peke yangu. Najua kuliunga, mimi ndiye niliyekuwa namshikia pua tangu anaanza. Nikaliweka pua chini ya upenu, inamtazama dirishani, nikalifunga kamba kwenye nguzo. Asubuhi alipofungua macho alilikuta."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Mwezi mzima alikuwa hajacheka." Alijifuta nyusi, unga ukahamia kwenye shavu. "Akaniambia, dada, siku nikiweza kuigusa ile pua, nimepona. Basi kila siku anasogea kidogo. Kitandani hadi kiti, kiti hadi dirisha. Siku alipofika akaigusa tulilia wote wawili kama mazuzu."

"Uliwahi kulikunja kiangazi hicho?"

"Nilikunje halafu aamke asilione?"

Inspekta alikaa kitandani. Alitamani sana, kwa sekunde moja, kuvaa viatu na kuondoka, atie saini karatasi za Sajenti na amwachie dada huyu adui wake. Kisha akamkumbuka mwingine aliyekaa mahabusu akitazama mikono.

Aliita kwa dirishani. "Sajenti! Simama chini ya upenu, mbele ya dirisha, mahali pua ilipokuwa. Unaona alama za kamba kwenye nguzo?"

"Nayaona, afande. Na nyasi hapa zimekufa palipokaa miguu ya ile pembetatu ya mabomba ya kushikia."

"Nyoosha mikono kama bawa lilivyokaa. Sasa tembea kuelekea upande wa kulia wa bawa. Polepole. Endelea."

Sajenti alitembea, mikono imetandazwa, kofia mkononi. Alifika kwenye ukingo wa fremu, akapotea bega, akapotea kichwa. Dirishani kilibaki kivuli kitupu.

"Simwoni tena," alisema Inspekta. "Mdogo wako naye asingemwona." Akapaza sauti. "Sajenti! Hapo ulipo ni kivulini au juani?"

"Juani, afande!" Sauti ilitoka mbali, ya mtu anayeumia. "Upenu umeishia nyuma yangu, umekatwa mshazari! Nachomeka!"

Dada alikuwa ameshika kizingiti cha dirisha. Hakuelewa mara moja. Alikuwa na akili ya kazi za mikono, na akili hiyo hupita kwanza kwenye vitu ndipo ifike kwenye maana: alitazama upenu, akatazama nguzo, akainama nje ya dirisha ili aone pale aliposimama Sajenti, akatazama juu, angani.

"Lilikuwa refu," alisema. "Upande mmoja ulitokeza. Nikasema si kitu, ni kitambaa cha kukaa nje."

Inspekta alitoa mfukoni kipande kidogo cha kitambaa, cha kutoka sehemu nyekundu, akampa. Angeweza kueleza kwa maneno, na alijua maneno yangeacha nafasi ya kubishana. Dada alikishika kwa vidole viwili kila upande, kama anavyoshika karatasi ya kufungia mkate, akavuta bila nguvu yoyote. Kikachanika.

Alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye ukuta. Inspekta alikaa naye sakafuni, kwa sababu hakuona jambo lingine la kufanya, na magoti yake yalilalamika.

"Na yule mama?" aliuliza dada hatimaye.

"Alilivuta puani, kama wanavyofanya wote. Puani palikuwa kivulini. Mdogo wako alimwambia lilikuwa kivulini, na alichokuwa anakiona ndicho alichosema. Hakuna aliyedanganya, dada. Kila mtu aliona ile sehemu isiyoharibika."

"Isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa napita pale kila siku nikienda kazini."

Inspekta aliokota kile kipande kilichochanika, akakirudisha mfukoni.

"Nimemwita muuaji," alisema dada. "Mbele ya kaunta, watu wanasikia." Alijinyanyua kwa kushika kitanda, akatafuta mtandio. "Twendeni. Asilale tena kule kwa ajili yangu."

*

Mkuu wa kituo alilisoma jalada akiwa amesimama, akauliza maswali mawili, akauliza tena lile la kwanza, kisha akaandika kwa kalamu yake kwamba hakuna shtaka dhidi ya mtu yeyote. Alimwambia Inspekta kwamba safari hii amekwenda haraka. Inspekta aliomba msamaha.

Bi Mkasi alitolewa, akasainishwa, akarudishiwa bahasha yake. Alikuwa anafunga kamba ya mkasi kiunoni alipoinua macho na kumwona dada amesimama upande wa pili wa kaunta. Sajenti alijisogeza katikati yao, akidhani yatazuka mengine.

"Ni mimi," alisema dada. "Niliweka bawa nje. Kiangazi chote. Ni mimi, si wewe."

Bi Mkasi alikuwa ameshaelezwa na Inspekta njiani kutoka mahabusu. Inspekta hakumficha lolote. "Na mimi nilivuta puani peke yake," alisema. "Sindano ilikuwa mkononi, bawa liko mezani. Nikavuta mahali pamoja nikakunja. Kuanzia leo nitayatoboa kama chujio, na wakilalamika walalamike."

Dada alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yameanza, na yalipita kwenye unga. "Angeweza kuwa hai."

Bi Mkasi alimsukuma Sajenti pembeni kwa kiwiko, akazunguka kaunta, akamtazama mwenzake kwa macho yale makali, macho ya mtu anayekagua kitambaa.

"Alipokuja karakana," alisema, "nilimuuliza, wewe si walisema hutatembea? Nani amekusimamisha? Akaniambia, ni hili bawa." Alimfuta unga shavuni kwa kidole gumba. "Nilidhani ananitania."